Kapu la Kunitoa Wodini

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua siri ya kutoka hospitali! Sijui kwa nini hakuna aliyeigundua kabla yangu. Labda kwa sababu wenzangu wanapoteza muda mwingi wakiongea.

Niandike kwa mpangilio. Kifua kikuu kilinikamata wakati wa mtihani wa kumaliza shule. Karatasi ya jiografia niliifanya nikikohoa mpaka msimamizi akahamishia meza yake mlangoni. Sasa ni miezi minne na nusu. Nipo wodi ya wanaopata nafuu, kitanda namba saba. Siambukizi tena mtu. Kilichobaki ni kurudisha nguvu, na hapa nguvu zinarudishwa kwa kazi za mikono. Saa nne asubuhi tunashuka chumba cha ufundi, ambacho zamani kilikuwa cha kufulia, madirisha yote wazi hata kukiwa na baridi. Kadi inayoning'inia kitandani kwangu imeandikwa: Kapu. Dakika thelathini. Kukaa. Mtaalamu wa tiba hii tunamwita Mwalimu. Ni mama mnene mwenye saa kubwa ya mkononi. Anasema kazi ni dozi kama vidonge. Ukipunguza, hupati nguvu. Ukizidisha, unajirudisha kitandani.

Sasa siri yenyewe. Mzee wa stuli alimaliza stuli Jumatano, Ijumaa akaruhusiwa. Dada wa mkoba alimaliza mkoba Alhamisi, Ijumaa akaruhusiwa. Yule mama wa zulia, hivyo hivyo. Na Ijumaa ndiyo siku jopo la madaktari linakaa, Mwalimu akiwa ndani na daftari lake. Kwa hiyo: kitu kikiisha, mtu anakwenda nyumbani. Ni wazi kama mchana!

Mimi nina haraka kuliko wote. Nimepata nafasi ya kusomea ukutubi. (Niliuchagua kwa sababu ni kazi pekee ninayoijua ambamo watu wanakatazwa kuongea.) Lazima niripoti chuoni Jumatatu tarehe 18, kabla ya saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake inapewa mwingine. Maana yake niruhusiwe Ijumaa ya tarehe 15. Kapu langu lina kitako na mizunguko mitatu. Kwa nusu saa kwa siku, nimepiga hesabu, litaisha mwezi wa tano.

Ningeweza kumuuliza Mwalimu. Leo nimesimama nyuma yake mara tatu, kinywa wazi. Mara ya tatu aligeuka. Nikajifanya napiga mwayo.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Saa saba mpaka saa tisa ni mapumziko. Kila mtu alale, hakuna kusoma, hakuna kuongea. Masaa mawili mazima yanapotea bure! Nikaamua kusukia chini ya blanketi.

Matete ya kusukia lazima yalowekwe kwenye maji, la sivyo yanakatika. Nilibeba kumi na mawili kutoka kwenye karai, yamefichwa ndani ya gauni, yakinichuruzikia miguuni ngazi zote. Kapu nalo nililipitisha chini ya kanga. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa mzunguko mmoja.

Ndipo Mama Cherehani akaamka. Huyu ni jirani yangu wa kitanda namba sita, fundi wa nguo, mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza tangu nifike. Mimi ananiita Bubu. Akauliza wodi nzima huyu Bubu ana nini, mbona anafurukuta kama ana panya kitandani. Sista akaja mbio. Nikasukuma kapu chini ya kitanda kwa mguu na matete chini ya godoro. Sista akapitisha mkono kwenye shuka. Imelowa chapachapa.

Sista ni mtu mwema. Aliinama akaninong'oneza nisione aibu, hata watu wazima huwatokea, mjomba wake mwenyewe aliwahi kukojoa kwenye harusi. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikubali! Nina miaka kumi na minane, nimekubali mbele ya shahidi kwamba nimekojoa kitandani, kwa sababu kueleza kungekuwa kurefu mno.

Lakini Mama Cherehani akapinga. Alisema hilo si kojo, yeye amelea watoto watano na kojo analijua, hilo ni jasho, mtazameni mtoto uso ulivyomlowa. Sista akasema ni kojo. Mama Cherehani akasema harufu iko wapi. Wakabishana juu ya kitanda changu kama wanunuzi wa kitambaa. Jasho likashinda. Sista ameandika kwenye chati yangu: jasho jingi mchana.

Nilifurahi kwa dakika kama mbili hivi.

Jumatano, 6 Machi

Janga. Daktari amesoma chati. Jasho jingi, kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ni dalili kwamba ugonjwa huenda unarudi. Ameagiza makohozi yangu yapimwe upya. Na dozi imekatwa nusu! Kadi mpya inasema: Kapu. Dakika kumi na tano. Kukaa. Kupumzika kabla na baada.

Kwa kasi hii nitaingia chuoni nikiwa na wajukuu.

Mwalimu alinishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo huku anatazama saa yake, akaniuliza kama kuna kitu ningependa kumwambia. Alisubiri kabisa. Macho yake ni ya upole, ndiyo maana ni magumu kuyatazama. Nikamwambia hapana, ahsante.

Wakati huohuo Mama Cherehani yuko kwenye masaa mawili, akisimama. Kapu lake limefika ukingoni na sasa analitengenezea kifuniko. Kifuniko! Nani alimwomba kifuniko? Aliniona nalitazama akasema, Bubu wangu, usijali, si mashindano haya. Hayo husemwa na wanaoongoza tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata mshirika!

Ni Dereva, mzee wa wodi ya wanaume. Ameendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini. Miezi miwili iliyopita alitolewa maji kifuani kwa sindano ndefu, akanenepa kidogo, na sasa naye anakuja chumba cha ufundi. Kadi yake inasema: Soksi za mtoto. Dakika ishirini. Viwiko mbavuni. Nadhani viwiko mbavuni ni mtindo wa kufuma.

Dereva anazichukia zile soksi. Ni za waridi. Shemeji yake alikuja kumwona, akamkuta na uzi na sindano mbili, akacheka mpaka akaletewa maji ya kunywa. Sasa gereji nzima inamwita Bibi Soksi. Dereva anasema ujanani alikuwa akisuka matenga ya kubebea kuku, tenga zima kwa siku moja, na sasa mikono ile ile inahesabu vitundu vya waridi. Aliyasema haya huku analitazama kapu langu kama mtu mwenye njaa anavyotazama dirisha la mkate.

Kila siku Mwalimu hutupima mapigo, kisha anasukuma kitoroli cha nyuzi kuwapelekea wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Anarudi baada ya dakika kumi na tano. Leo, mlio wa magurudumu ulipopotea ukumbini, Dereva akaninong'oneza: Binti, tubadilishane? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana napenda mipango ya aina hii. Haihitaji maneno.

Mama Cherehani alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu, akisimulia maisha ya mteja wake mmoja asiyejua kiuno chake kiko wapi. Hakuona kitu.

Mizunguko minne kwa dakika kumi na tano! Mzee ana mikono ya ajabu. Mimi nimefuma kisigino. Si kibaya. Kitoroli kilipolia tena kila mmoja alikuwa na kazi yake mikononi, tukiwa na sura za watakatifu.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya wageni. Mama alikuja na barua ya chuo, ameitia kwenye mfuko wa plastiki ili isipate hata unyevu wa mkono. Amesema Baba amepaka chumba changu rangi na ameanza kuwaambia majirani kwamba anaye mkutubi. Anayatamka maneno hayo kwa sauti kubwa hata akiwa peke yake bafuni.

Kisha Mama akauliza lini. Nikasema labda Ijumaa. Akauliza nani kasema. Nikatazama dari. Mama ananijua. Akasema mwanangu, hujauliza, siyo? Akainuka amfuate Sista akamuulize yeye mwenyewe, mbele ya wodi yote, kwa ile sauti yake ya sokoni. Nikamshika kanga. Nikamwambia kila kitu kiko kwenye mpango. Akakaa, lakini alinitazama kama alivyonitazama siku nilipomwambia kikohozi changu ni cha vumbi la chaki.

Habari njema: makohozi ni safi. Mara zote mbili! Uzito kilo arobaini na nane na nusu.

Mama aliponiaga alinikumbatia muda mrefu. Alisema nyumba haina kelele siku hizi. Nimewaza sana neno hilo, maana mimi sikuwahi kupiga kelele.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi! Kapu limefika mizunguko kumi na mmoja. Linaegea kidogo upande wa kulia, kama lori kwenye kona, lakini linasimama.

Mwalimu aliporudi na kitoroli alinipima mapigo. Sabini na mbili. Akahesabu tena. Sabini na mbili. Akaniambia moyo wangu umetulia kama vile nilikuwa nimekaa tu nafuma soksi. Nilikaribia kuanguka kwenye kiti. Lakini alikuwa anafurahi kweli. Kadi mpya: Kapu. Dakika arobaini. Kusimama.

Mnaona? Kapu linakua, dozi inakua. Nadharia yangu haina tundu.

Dereva alikuwa anahema kidogo na amelowa paji la uso. Alisema ni joto. Madirisha yote yalikuwa wazi na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Jumanne, 12 Machi

Sitaki kuandika leo. Ninaandika.

Dereva alikuwa kwenye mzunguko wa kumi na nne. Fito zinazosimamisha kapu ni ndefu, kwa hiyo ili upitishe tete huku juu lazima uinue viwiko mpaka usawa wa masikio. Aliviinua, akashusha, akaviinua. Kisha akaweka kapu mezani taratibu sana, akasema binti, hebu chukua usukani. Rangi ilikuwa imemtoka. Midomo yake ilikuwa kama majivu. Akaanza kukohoa na hakuacha.

Mama Cherehani ndiye aliyepiga ukelele. Mimi nilifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Mwalimu alikuja mbio. Mapigo mia na ishirini na nne. Akatazama mezani: soksi zilikuwa mbele ya Dereva, kwa sababu mimi, wakati mzee anakohoa, nilikuwa nimezirudisha. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe. Wakamchukua kwa kiti cha magurudumu.

Jioni Mama Cherehani alileta habari kutoka kwa Sista. Dereva anapumua, amelala, anaongea. Lakini madaktari wanashangaa. Kama kufuma soksi tu kunampandisha mapigo hivyo, basi huenda maji yamejaa tena kifuani. Picha ya kifua haikuonyesha vizuri. Hawataki kubahatisha. Kesho saa tano watamchoma tena ile sindano ndefu ya mbavuni. Mara ya kwanza, alisema Mama Cherehani, mzee wa watu alilia kama mtoto.

Viwiko mbavuni si mtindo wa kufuma. Ni kwa sababu kifua chake kilikuwa bado hakijapona upande ule.

Hana maji kifuani. Ana kapu langu.

Jumatano, 13 Machi

Niandike kama ilivyotokea.

Nilipoamka nilikuwa na mpango: barua. Nikaandika kwa herufi kubwa, ili mwandiko usitambulike, kwamba mgonjwa fulani hakuwa anafuma soksi bali anasuka kapu, kwa hiyo achomwe sindano pale tu itakapokuwa lazima. Nikatia sahihi: Mpenda Haki. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni ukumbini, nikarudi kitandani nikiwa mwepesi.

Mama Cherehani alikuwa ananitazama. Akasema kama nimeandika malalamiko kuhusu uji nisisumbuke, ufunguo wa sanduku lile ulipotea kabla yeye hajalazwa.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo, na chumba cha ufundi leo hakikufunguliwa kwa sababu ya jana.

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa. Nikisema, jopo la Ijumaa basi. Tarehe 18 basi. Baba na rangi yake ya chumba basi. Nisiposema, sindano. Nikamtazama Mama Cherehani, nikafungua kinywa, nikafunga. Nilitaka yeye akaseme. Yeye anaweza kuliambia jiwe likasikia.

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akasema alituona siku ya kwanza kabisa. Fundi wa nguo hutazama taswira kwenye kioo cha dirisha, si nje. Akasema alinyamaza kwa sababu mzee alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje, na hilo ni kosa lake yeye na atalibeba. Lakini lile la kwangu hawezi kunibebea. Bubu, akasema, nenda. Mimi nanyamaza. Na kweli akanyamaza! Wodi nzima iligeuka kuona kama amekufa.

Ofisi ya Mwalimu iko juu kabisa, chini ya paa, ngazi arobaini na mbili. Nilizipanda mbio. Niliingia bila kubisha. Mwalimu alikuwa na kijiko cha sukari mkononi. Nikaanza.

Sijui nilisema nini kwanza. Nadhani nilianza na stuli ya yule mzee. Kisha zulia, mkoba, jopo, chuo, matete chini ya blanketi, kwamba lile halikuwa jasho wala mkojo bali maji ya karai, kwamba nilimwacha Sista aamini yamenikuta ya mjomba wake, kwamba Dereva alisuka na mimi nikafuma, na kisigino cha soksi ya kushoto ni changu, na viwiko, na sindano ni saa tano, na mimi ndiye niliyerudisha soksi mezani, na sikupiga kelele, na nisamehewe au nisisamehewe lakini wasimchome.

Mwalimu alikwenda kwenye simu mara tu niliposema soksi. Nikaendelea kuongea huku anapiga. Nikaendelea huku anasubiri daktari aitwe. Alipokata simu nilikuwa bado naongea. Akanikalisha. Akanishika mkono akatazama saa yake.

Sindano imeahirishwa. Watampumzisha siku mbili, kisha wampime upya.

Alicheka kwenye habari ya mjomba wa Sista mpaka akajifuta macho. Hakucheka kwenye mengine. Alisema aliona tangu Jumatatu kwamba kapu limesukwa na mikono ya watu wawili tofauti. Alidhani Mama Cherehani ananisaidia, akaliacha lipite, na naye amekosea. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Yeye hapimi makapu. Kapu ni la kushika mikono tu. Anachopima ni mtu: moyo unakwenda vipi kabla, unakwenda vipi baada, unachukua muda gani kutulia. Watu wanamaliza vitu vyao wiki wanayotoka kwa sababu yeye huwapa vitu vya ukubwa huo. Stuli ilikatwa kwa kipimo cha mzee, si mzee kwa kipimo cha stuli.

Nilimwambia nimeelewa.

Amefumua mizunguko yote ya Dereva. Kapu limerudi kwenye minne. Linaonekana kama sahani iliyochanganyikiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Jopo.

Sikuwa na tumaini lolote. Nilijipeleka kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha. Madaktari watatu nyuma ya meza, Sista, Mwalimu na daftari lake. Kapu langu lilikuwa mezani, fito zimechomoza kila upande. Daktari mkuu alilitazama, akatia kipimio chake cha kusikilizia kifua ndani yake.

Akaniuliza najisikiaje. Nikasema vizuri. Akangoja.

Mwalimu akafungua daftari. Alisoma makohozi: safi mara mbili. Uzito: unapanda. Jasho la Jumanne: maji ya matete, lifutwe. (Sista alikohoa kidogo.) Makosa: amevunja kanuni za dozi na kumhatarisha mwenzake, amekiri mwenyewe. Kisha akasoma sentensi ambayo nitaikumbuka. Jumatano saa nne na dakika ishirini mgonjwa alipanda ngazi arobaini na mbili mbio, akazungumza mfululizo dakika kumi na moja akiwa amesimama, bila kukohoa hata mara moja, na mapigo yake yakarudi kawaida baada ya dakika tatu. Akafunga daftari. Alisema ameshika kazi hii miaka kumi na tisa na hana kapu linaloweza kumpa kipimo kama hicho.

Nimeruhusiwa! Dawa zinaendelea, kila asubuhi kwenye zahanati ya karibu na chuo, mpaka ziishe zote. Nusu saa ya kazi za mikono kila siku. Kupumzika mchana. Mwalimu amenirudishia kapu nilimalizie mwenyewe, polepole.

Nilipita wodi ya wanaume. Dereva amekaa na mito mitatu mgongoni, rangi imemrudia, soksi mkononi, viwiko mbavuni kama mwanajeshi. Hawatamchoma tena. Nilimwomba msamaha. Alisema yeye ndiye aliyeona alama ya barabara akaipita, na mtu wa leseni miaka thelathini hana wa kumlaumu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, jinsi nilivyogeuza kile kisigino. Cha kwake kinatoka kama goti.

Mama Cherehani hajaruhusiwa. Uzito wake haujafika. Wiki mbili zaidi. Kapu lake limekamilika, kifuniko na kitanzi, zuri kuliko yote. Alinikumbatia akaongea tangu kitandani mpaka getini.

Nimelifikiria jambo hili ndani ya basi na kuna kitu hakiniingii. Mwalimu anasema kapu si kitu. Lakini nilimwona daktari mkuu: alitia kipimio chake mle ndani, kikakaa, hakikuanguka. Maana yake kitako ni imara. Kitako changu kimekamilika kabisa, na nilikisuka mwenyewe. Na Mama Cherehani, mwenye kapu zima, amebaki! Ni kile kifuniko. Angeacha kifuniko, leo angekuwa kwake.

Jumapili, 17 Machi

Nipo nyumbani. Rangi ya chumba ni ya kijani kali mno. Nimeisifia. Baba amenisomea barua ya chuo mara mbili wakati wa kula, akisimama.

Mara ya pili ndipo nilipoisikia vizuri. Kuna mstari kwenye ukurasa wa nyuma. Kesho, baada ya kuripoti, wanafunzi wapya wote watakusanywa ukumbini, na kila mmoja atasimama ajitambulishe kwa wenzake. Dakika tatu. Kila mmoja!

Huu ni usaliti. Ukutubi!

Ningeweza kwenda kesho mapema nimwombe msajili aniruhusu niseme jina tu. Lakini hilo lingehitaji kumwendea msajili na kumwambia. Nimepata njia nzuri zaidi. Nikiitwa, nitasimama, nitafungua kinywa, kisha nitakohoa. Si sana. Kikohozi cha mtu aliyekuwa mgonjwa na ambaye hafai kuchoshwa. Watanihurumia, watanipa kiti.

Saa kumi jioni nilijifungia chumbani nifanye mazoezi mbele ya kioo. Miezi minne na nusu nimekohoa bila kujitahidi, na sasa hakitoki! Kifua kimekauka kabisa. Ilibidi nianze taratibu, nikaze tumbo, nikumbuke karatasi ya jiografia. Mara ya sita nilikipata. Kikohozi kizuri, kizito, chenye mwangwi. Nikakirudia nikishika meza.

Mlango ukafunguka. Mama, kipimajoto mkononi. Baba nyuma yake, ameshika barua kifuani.

Mama alinishika bega. Alinilaza. Alinipima joto mara mbili, halikuzidi. Aliweka sikio mgongoni kwangu akasema pumua. Nikapumua. Akasema mbona ni safi. Baba akasema usafi gani, wewe hukusikia? Sasa imeamuliwa: kesho saa kumi na mbili alfajiri twende kwanza hospitali, Mwalimu na daktari wanisikilize, ndipo chuo. Baba amehesabu kwamba tukitoka huko saa nne tutawahi. Anakwenda kumwomba jirani gari.

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Mama alikuwa hapa hapa kitandani, ananishika mkono, anasubiri.

Nikamwambia nina usingizi.

Sijalala. Nimechora mpango wa kupita hospitali bila kusikilizwa kifua, kufika chuo kabla ya saa sita na kukwepa zile dakika tatu, yote bila kuzungumza na mtu. Una hatua saba tu. Ya kwanza inahitaji ngazi ya mbao.